Safu ya Ishirini na Nane

Timazi hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alipewa na mafundi wenzake wa vigae, maana kila walipobishana kama ukuta umenyooka, walimwita yeye aje autazame kwa jicho moja, kisha wakateremsha timazi yenyewe, ule uzi wenye uzito wa chuma, na uzi ukasema alivyosema yeye. Miaka arobaini alitandika sakafu za watu, na miaka yote hiyo alikuwa na kanuni moja aliyoirudia hadi watu wa nyumbani wakatamani kuziba masikio: kazi huanza katikati. Tafuta katikati ya mlango, vuta kamba hadi katikati ya ukuta wa mbele, ndipo ufungue mfuko wa saruji. Mkewe alikuwa akisema kwamba hata kitandani mzee hulala katikati, na yeye anaachiwa vipande vya kukatia pembeni.

Walijaliwa mtoto mmoja tu, binti, na binti akawa mwalimu wa hesabu. Angeishia hapo, wazazi wangelala usingizi. Lakini Mwalimu alikuwa na wazimu wake: alichora picha bila kushika kalamu. Alikaa mbele ya kompyuta akaiandikia maagizo hatua kwa hatua, chora duara, lipunguze kidogo, lizungushe kidogo, rudia mara elfu, na mashine ikatoa maua ambayo hayajawahi kuota kwenye udongo wowote. Sebule ya wazazi wake ilijaa picha hizo.

"Yaani wewe unaandika mapishi tu, halafu yenyewe inapika?" mama yake alimuuliza.

"Ndiyo hivyo, mama."

"Ingekuwa inaosha na vyombo ningeielewa zaidi."

Baba hakutania. Alisimama mbele ya picha moja moja, mikono nyuma, akazikagua kama anayepokea kazi ya fundi mwenzake. "Huyu mtu anajua kupanga," alisema siku moja, na Mwalimu akaishi kwa maneno hayo wiki nzima. Tusifichane: mtu anaweza kuwa na shahada ukutani na wanafunzi mia mbili wanaomwogopa, na bado akawa anachora ili baba yake aseme neno.

Kisha mzee akaanza kupotewa na vitu. Kwanza miwani, na hilo ni la kila mtu. Halafu siku za wiki. Halafu jioni moja aliipita nyumba yake mwenyewe, akaenda hadi mwisho wa mtaa, na fundi viatu ndiye aliyemrudisha kwa mkono. Lakini kilichomvunja kabisa ni ukuta wa jiko. Alikuwa amebandika vigae vya maua katika jiko la mteja wake wa zamani, na asubuhi aliporudi kusafisha viungo, ile mianya kati ya vigae, akakuta safu nzima imegeuka, maua yanatazama chini na mashina yako juu. Mteja hakuwa ameona. Timazi aliona. Aliibandua safu ile, akaibandika upya, akarudi nyumbani, akaosha mwiko wake wa kazi, akaufunga kwa kitambaa na kuulaza ndani ya sanduku la vifaa.

"Nimestaafu," alisema.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," mkewe alimwambia.

"Koleo halijavunjika. Mhunzi ndiye aliyevunjika."

Akaanza kushinda kwenye kiti cha sebuleni, akitazama ukuta ambao aliujenga mwenyewe.

Ndipo Sista akaja na haja yake. Sista alikuwa muuguzi mkuu wa zahanati ya mtaa, na zahanati ilikuwa inakarabatiwa ukumbi wa kusubiri. Alikuwa ameona michoro ya Mwalimu kwenye maonyesho ya shule, akataka mmoja uwekwe sakafuni. "Wagonjwa wangu wanakaa pale saa tatu nzima wakitazama chini," alisema. "Nataka wawe na cha kutazama."

Mwalimu alifikiri siku mbili, akaja na kigae kimoja tu. Kilikuwa cha mraba, upana wa sentimita ishirini, cheupe, chenye matao mawili ya bluu. Tao moja lilizunguka pembe hii, la pili likazunguka pembe ya mkabala wake, na kila tao lilianzia katikati ya upande mmoja likaishia katikati ya upande wa jirani. Uzuri wa kigae hicho ni kwamba ukigeuze utakavyo, mistari yake itakutana na mistari ya majirani zake. Kompyuta hurusha sarafu kwa kila kigae, hiki kilale kulia, kile kilale kushoto, na sakafu nzima inajaa mistari inayopinda na kujizungusha kama uzi uliochezewa na paka. Hakuna namna ya kukikosea.

Kigae kisichokosewa. Mnaona alikokuwa anaelekea.

"Baba," alisema jioni hiyo, akitandaza karatasi mezani, "nina kazi ngumu. Ramani hii ina vigae elfu moja mia moja na saba, na kila kimoja kina upande wake wa kulala. Ukikosea kimoja, mchoro wote umeharibika. Simwamini fundi mwingine."

Mzee aliitazama ramani muda mrefu, kisha akamtazama binti yake muda mrefu zaidi. "Kimoja tu kikikosewa?"

"Kimoja tu."

Akanyanyuka, akaenda kulifungua sanduku. Mama, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni na mikono imejaa unga, alimvuta binti yake pembeni. "Mungu akusamehe uongo huo," alimnong'oneza, "na akuongezee umri kwa ajili yake."

Kazi ikaanza. Asubuhi Timazi alipiga magoti kwenye ukumbi wa zahanati, ramani pembeni, na alasiri Mwalimu alitoka shuleni akapita kumwona. Alikuwa na mchezo wake wa siri. Alipiga picha sakafu iliyotandikwa, akaipa kompyuta ilinganishe na ramani. Siku ya kwanza hakukuwa na tofauti hata moja. Siku ya pili, moja. Siku ya nne, kumi na tisa. Siku ya sita kompyuta ilimpa sitini na tatu, na Mwalimu alikaa kwenye benchi la wagonjwa akazihesabu upya. Kumbe kichwa cha baba yake kilikuwa kinaharibika haraka kuliko alivyofikiri. Mtu anayeshindwa kufuata alama ya kulia na kushoto kwenye karatasi iliyo mbele yake, kesho atashindwa kufunga vifungo.

Alichokifanya baada ya hapo, ni mwalimu wa hesabu tu ambaye angekifanya. Mwingine angelia, au angemwambia mama. Yeye aliirekebisha ramani. Kila jioni aliichukua sakafu kama ilivyo, akaifanya kuwa ndiyo iliyokusudiwa, akachapa karatasi mpya na asubuhi akamwachia mzee mlangoni: "Baba, karatasi ya jana ilikuwa na vumbi, nimekuletea safi." Hivyo kila asubuhi ramani na sakafu zilipatana kama ndugu. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini huyu aliirefusha kwa bidii.

Kisha mitihani ya shule ikamzuia siku mbili, na siku ya kumi na mbili alikuta ukumbi kimya. Sista alimpokea mlangoni kwa sauti ya chini. "Anabandua vigae vile vile tangu juzi. Anatandika, anabandua. Nimempa chai, imepoa."

Sakafu yote ilikuwa imekwisha isipokuwa safu tatu za mwisho, mbele ya mlango wa nyuma wa kutokea. Vigae vya hapo vilikuwa vimepangwa ukutani, vimefutwa saruji kimoja kimoja. Timazi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mwiko ulikuwa mapajani mwake, umeoshwa, umefungwa kwa kitambaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Tafuta fundi mwingine, mwanangu. Kichwa kimekwisha."

Mwalimu akachuchumaa mbele yake. Alikuwa amejiandalia maneno mengi ya kumtuliza, lakini kilichotoka ni kweli tupu. "Baba, hapa hakuna cha kukosea. Vigae hivi vinakubali upande wowote. Ramani ilikuwa ni sarafu tu, kompyuta ilirusha. Nilikudanganya ili urudi kazini."

"Najua."

"Unajua?"

Mzee aliinama akavuta kifurushi kilichokuwa sakafuni, kile alichokuwa akipigia magoti ili yasiumie. Kilikuwa ni karatasi zilizofungwa kwa mpira. Zilikuwa ramani zake, zote, za kila siku.

"Hii ya Jumatatu," alisema, akizitandaza. "Hii ya Jumanne. Tazama safu ya saba, hapa inalala kulia, hapa kushoto. Kila nikienda kinyume, kesho yake ramani nayo imekwenda kinyume. Nimeshika kazi hii miaka arobaini. Ramani zimeniamuru, zimenitukana, zimenifukuzisha kazi. Sijawahi kukutana na ramani yenye adabu kiasi hiki."

Mwalimu alicheka na machozi yakamtoka kwa pamoja. "Kwa nini hukusema?"

"Niliona unanilea. Nikasema, acha alee." Alizikusanya karatasi akazilinganisha kingo. "Lakini uongo niliujua tangu siku ya pili, nilipogeuza kigae kimoja kwa bahati mbaya na mistari ikakutana vilevile, nikaona basi naweka yangu. Njoo."

Alimpeleka hadi mlango wa mbele, akamwonyesha kwa kidole cha mguu mstari wa bluu ulioanzia katikati kabisa ya mlango. Mwalimu akaufuata. Haukwenda moja kwa moja, kwa vigae vile hakuna mstari unaojua kwenda moja kwa moja, ulipinda kila hatua, lakini ulikuwa na nia. Ulikwenda hadi dirisha la kuandikisha majina. Ukazunguka benchi la kwanza, la pili, la tatu. Ukapita mbele ya chumba cha daktari, ukapita dirisha la dawa, halafu ukaanza kuelekea mlango wa nyuma. Mstari mmoja, haukukatika popote. Zile tofauti sitini na tatu zilikuwa hizi. Mwalimu alisimama katikati ya ukumbi akaona haya kama mtoto aliyekutwa na mkono kwenye sukari.

"Mtu akija hapa na homa, haelewi aanzie wapi," mzee alisema. "Aufuate. Hata asiyejua kusoma. Hata..." Aliutazama mstari. "Hata anayesahau."

Mwalimu alimshika mkono, akaubana.

"Sasa sikiliza aibu yangu. Mstari umeanza katikati, lazima uishie katikati, hiyo ndiyo kazi. Lakini nikifika mlango wa nyuma unatokea kwenye kigae cha pembeni. Nabandua, napanga upya, unatokea pembeni upande wa pili. Siku tatu. Mlango huu na ule inatazamana, nimepima, na mimi nashindwa kuikutanisha. Kazi hiyo si ngumu, mwanangu. Ni kichwa."

Mwalimu alifungua kompyuta palepale kwenye benchi la wagonjwa. Aliiandikia ijaze zile safu tatu za mwisho kwa kila namna ya bahati, ifuate mstari, iseme umetokea wapi. Ilijaribu mara laki moja. Mstari ulitokea kushoto, ulitokea kulia, ulitokea mbali hadi pembeni mwa ukuta. Katikati, mara sifuri.

"Hata mashine imeshindwa, baba."

"Mashine yako inarusha sarafu tu," mzee alisema kwa upole. "Na mwenye mashine nimemkamata na uongo."

Maneno hayo yalimchoma, na yalistahili. Hapo ndipo alipoelewa alichokiharibu. Angeweza kuapa hadi jua lizame kwamba kichwa cha baba yake ni kizima, mzee angeitikia kwa kichwa na kuamini kwamba analelewa tena. Alichohitaji ni jambo ambalo baba yake angelishika kwa mkono wake mwenyewe, bila kumwamini mtu.

Alitia mkono mfukoni. Mwalimu hakosi chaki.

Alipiga magoti akaanza kutia alama kwenye pembe, pale vigae vinne vinapokutana. Pembe moja alitia chaki, ya jirani akaiacha, inayofuata akaitia, kama miraba ya ubao wa drafti, safu kwa safu, hadi kwenye saruji tupu ya zile safu tatu za mwisho. Sista alikuja kusaidia bila kuuliza, hata sketi ikachafuka. Walipomaliza, Mwalimu alirudi mlango wa mbele.

"Simama juu ya mstari wako, baba. Pembe yenye chaki iko mkono gani?"

"Kushoto."

"Sasa tembea nao. Mstari ukipinda kushoto, unaizunguka pembe hiyohiyo, inabaki kushoto. Ukipinda kulia, unazunguka pembe tupu, na ya mbele kushoto kwako ina chaki. Usinisikilize mimi. Tazama mwenyewe."

Timazi hakutembea. Alipiga magoti, kama alivyofanya maisha yake yote, akaufuata mstari kwa kidole, kigae kwa kigae. "Kushoto," alisema. "Kushoto. Kushoto. Huku umepinda... bado kushoto." Alipita dirisha la majina, akazunguka mabenchi matatu, akapita kwa daktari na kwa dawa. Ilichukua karibu nusu saa na chaki haikubadili mkono hata mara moja. Alipofika palipo wazi, aliruka kwa macho hadi katikati ya mlango wa nyuma, akajiweka kama mstari unaotoka.

"Hapa chaki iko kulia," alisema polepole.

"Ndiyo."

"Na mstari hauwezi kubadili mkono."

"Hauwezi."

"Kwa hiyo hata ningekuwa na miaka thelathini..."

"Hata ungekuwa na miaka thelathini. Hata mimi, hata mashine, hata nani. Haiwezekani, baba. Si kichwa chako."

Mzee alikaa chini palepale. Mabega yakaanza kutikisika, na Mwalimu akaogopa, kumbe ni kicheko, ingawa macho nayo yalikuwa yameloa. "Siku tatu!" alisema. "Siku tatu nabishana na kitu kisichowezekana! Na karibu nishinde!"

Mwalimu alifuta mikono, akawa na furaha ya mtu aliyelipa dhambi yake. "Basi tuuache utokee pembeni. Hakuna atakayejua."

Lakini mzee hakuwa anamsikiliza tena. Alikuwa amefumba jicho moja. "Safu ziko ngapi?"

"Ishirini na saba."

"Chaki inabadilisha mkono kila safu, kama drafti. Ingekuwa ishirini na nane, pale katikati ingekuwa kushoto."

"Ingekuwa, ndiyo. Lakini chumba kina ukubwa wake, baba. Ukuta ndio ule."

"Ukuta una unene gani?"

Mwalimu hakujua. Mzee alivuta futi kutoka mfukoni, akapima chini ya mlango, pale kwenye kizingiti palipoachwa saruji tupu. Sentimita ishirini. Kigae kimoja, bila kukata.

"Wewe umesoma sana," alisema, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya kukagua picha sebuleni, "lakini nani alikwambia chumba kinaishia ukutani? Chumba kinaishia nje ya mlango." Alizipanga zile safu tatu bila saruji, mstari ukatokea pembeni kama siku zote, kisha akaweka kigae kimoja kwenye kizingiti mbele ya pale ulipotokea, kingine kando yake. Mstari ukaingia cha kwanza, ukapinda kulia, ukaingia cha pili, ukapinda kushoto, ukatoka nje katikati kabisa ya mlango. Mwalimu alitia chaki pembe ya mwisho. Ilikuwa kushoto.

"Niletee maji ya saruji," Timazi alisema, akifungua kitambaa cha mwiko. "Na ile chai, Sista, hata kama imepoa."

Siku ya ufunguzi watu walisifu mchoro wa Mwalimu, na Mwalimu akamwonyesha kila mmoja kizingiti, hadi mama yake akamvuta gauni. "Umeshawaambia wote. Sasa unawaambia mara ya pili."

Hesabu haikumponya mzee, tuseme kweli. Mwaka uliofuata alisahau zaidi, na kuna asubuhi alizomwita binti yake kwa jina la shangazi yake marehemu. Siku moja Mwalimu alimleta zahanati kuonana na daktari. Walipomaliza, alimwacha dakika moja ili achukue dawa, na alipogeuka alimwona amesimama katikati ya ukumbi, mikono inaning'inia, na uso wa mtu asiyejua yuko wapi. Alitaka kumkimbilia, akajizuia, kwa sababu mzee alikuwa ametazama chini.

Timazi aliukanyaga mstari, akaanza kuufuata. Hakukata njia. Ulipopinda alipinda, akawapita watu waliokaa, akasema samahani, akaendelea, hadi kwenye mlango wa nyuma. Hapo akasimama. Mwalimu alikuwa amemfikia.

"Nani alitandika sakafu hii?" mzee aliuliza.

"Wewe, baba."

Alimtazama kwa jicho moja, lile la kukagulia kuta. "Unanidanganya."

"Hesabu safu."

Alirudi hadi mlango wa mbele, akahesabu kwa ncha ya kiatu, midomo ikichezacheza, na Mwalimu hakumsaidia hata namba moja. Alipofika ukutani alikuwa ametimiza ishirini na saba. Akainua mguu, akakikanyaga kizingiti, akavitazama vile vigae viwili na mstari unaovivuka kutoka pembeni hadi katikati.

"Ishirini na nane," alisema, na uso wake ukatulia. "Ni yangu. Mwingine angeishia ishirini na saba."

Akamshika binti yake mkono, wakatoka nje.